KARANI NA BAHASHA: HISTORIA YA PROGRAMU ZA ORODHA ZA BARUA-PEPE

Makusudi ya insha hii ni kueleza jinsi programu za kugawa barua-pepe kwa orodha zilivyozaliwa na kukua, maradhi yaliyozipata njiani, na dawa zilizobuniwa na watu waliopewa kazi ya kuziangalia. Huenda jambo hili likadhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao, lisilowahusu wanachuoni wa lugha na historia. Dhana hiyo si sahihi. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya ishirini sehemu kubwa ya mazungumzo ya wanachuoni imepita katika orodha hizi, na kumbukumbu zilizobaki ni hati za kuchunguzwa kama hati nyingine zozote. Mtu azisomaye bila ya kujua ulipopita mkono wa mashine atakosea kama akoseavyo msomaji wa utenzi wa kale asiyepambanua maneno ya mtunzi na nyongeza za mnakili.

Neno ninalotaka kulithibitisha ni moja. Orodha ya barua-pepe ni karani apokeaye barua moja na kupeleka nyingi kwa jina la mtu mwingine. Yeye si mwandishi, wala si tarishi tu. Karibu kila hitilafu kubwa iliyozisumbua programu hizi imetoka katika hali hiyo ya kuwa katikati, na karibu kila dawa iliyopatikana ilikuwa jibu la swali lile lile: barua hii imetoka kwa nani, na ikishindwa kufika, ni nani wa kuarifiwa?

I. Barua na bahasha yake

Kabla ya kuingia katika historia yafaa kueleza jambo ambalo watumiaji wengi wa barua-pepe hawalijui. Barua-pepe hubeba jina la mpelekaji mahali pawili. Pa kwanza ni kichwa cha barua, ambapo msomaji huona jina la aliyeandika, jina la aliyeandikiwa, tarehe, na habari ya barua. Pa pili ni bahasha. Hiyo msomaji haioni kwa kawaida, kwa sababu ni ya kutumiwa na kompyuta zinazopokezana barua njiani. Mambo haya mawili yaliwekewa kanuni katika hati mbili zilizotolewa mwezi wa Agosti 1982. Moja, ya Jonathan Postel, ilieleza jinsi barua isafirishwavyo. Ya pili, ya David Crocker, ilieleza umbo la barua yenyewe.

Tofauti hii ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Barua ikikataliwa mahali iendako, taarifa ya kukataliwa hairudi kwa yule aliyetajwa kichwani. Hurudi kwa anwani iliyoandikwa juu ya bahasha. Na taarifa hiyo yenyewe yapasa kupelekwa katika bahasha isiyo na anwani ya kurudishia, ili ikiwa nayo itashindwa kufika isizae taarifa ya pili, na ya pili isizae ya tatu. Waliotunga kanuni walikwisha kuona tangu wakati huo kwamba mashine mbili zenye adabu ya kujibizana zaweza kujibizana bila ya mwisho.

II. Karani mwanadamu

Mwaka wa 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Cambridge, Massachusetts, alipeleka barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET, akachagua alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la mashine yake. Haukupita muda mrefu kabla ya watu kutaka kuandikia wengi kwa pamoja. Mwaka wa 1975 Stephen Walker, ofisa wa idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliyousimamia mtandao huo, alianzisha kundi lililoitwa MsgGroup. Jambo walilolizungumza lilikuwa ni barua-pepe yenyewe: kichwa cha barua kiwe na nini, jibu liende wapi, na mtu afanyeje akipata barua asizozitaka. Kwa hiyo orodha hii, iliyo miongoni mwa za kwanza kabisa, ilikuwa ikijichunguza yenyewe.

Karani wa MsgGroup alikuwa mwanadamu, Einar Stefferud. Aliyetaka kuingia alimwandikia yeye. Aliyehama alimwarifu yeye. Na barua iliyokwama alilazimika kutafuta mwenyewe sababu yake. Kazi ya namna hiyo yavumilika watu wakiwa makumi. Wakifika mamia, karani hana tena wasaa wa kusoma mazungumzo anayoyagawa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ni faili la majina. Katika programu ya sendmail, iliyotungwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, msimamizi aliweza kuandika jina moja la orodha na mbele yake anwani zote za wanachama, na kompyuta ikagawa barua bila ya mtu kuigusa. Hapo zikaimarika desturi mbili ambazo zingali hai. Ya kwanza ni kwamba maombi ya kuingia na kutoka yasipelekwe kwa orodha yenyewe bali kwa anwani ya pembeni, yenye jina la orodha na neno la nyongeza lenye maana ya ombi. Ya pili ni anwani ya mwenye orodha. Ikiwa anwani hiyo imewekwa, sendmail huiandika juu ya bahasha badala ya ile ya mwandishi, ili barua zilizokataliwa zirudi kwa anayeangalia orodha.

Desturi hii ya pili yataka kutazamwa kwa makini. Kabla yake, mwalimu aliyeandika barua moja kwa watu 200 aliweza kupokea taarifa 20 za anwani zilizokufa, ilhali hazijui wala hana uwezo wa kuzifuta. Baada yake, taarifa zilimfikia mwenye uwezo wa kufuta. Jina la kichwani likabaki la mwandishi; jina la bahasha likawa la karani. Mgawanyo huo wa dhima ulikuwa wa haki, na ulidumu kwa amani karibu miaka thelathini.

III. Karani mashine

Mwaka wa 1981 Ira Fuchs wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York na Greydon Freeman wa Chuo Kikuu cha Yale waliunganisha kompyuta zao, na hapo ukazaliwa mtandao wa vyuo ulioitwa BITNET. Ulienea Marekani, kisha ukaungana na mtandao ndugu wa Ulaya. Makao yake ya habari yalikuwa na orodha za barua, lakini majina yaliingizwa na kutolewa kwa mikono ya watumishi.

Mwaka wa 1986 Eric Thomas, mwanafunzi wa uhandisi wa École Centrale huko Paris, alitunga programu ya LISTSERV iliyoibadili kazi hiyo. Mtu aliyetaka kuingia katika orodha alipeleka barua fupi yenye amri, jina la orodha, na jina lake. Mashine ikaisoma, ikamwandika, ikamjibu. Aliyetaka kutoka alifanya vivyo hivyo. Karani mwanadamu akawa hakimu wa mambo ya shaka tu.

LISTSERV iliondoa taabu nyingine pia, ya njia. Laini za mtandao zilizovuka bahari zilikuwa nyembamba na za polepole. Tuseme orodha iliyoko New York ina wasomaji 100 katika Ulaya. Kwa njia ya faili la majina, nakala 100 za barua moja zingevuka Atlantiki. Kwa mpango wa Thomas, seva ya New York ilipeleka nakala moja na orodha ya majina kwa seva mwenzake wa Ulaya, naye akagawa huko huko. Thomas alieleza mpango huo katika hati ya kanuni ya mwezi wa Februari 1993. Mwaka wa 1994 alianzisha kampuni ya L-Soft, na LISTSERV ikawa bidhaa ya kuuzwa.

Wanachuoni wa lugha walinufaika mapema. Mwaka wa 1990 ilianzishwa LINGUIST List katika Chuo Kikuu cha Western Australia, ikiwa na watu wapatao 60; mwaka uliofuata ikahamia Chuo Kikuu cha Texas A&M, na baadaye ikawa baraza kubwa la wanaisimu. Wanahistoria nao walipata H-Net, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago katika miaka ya kwanza ya muongo ule. Na mwaka wa 1995 ndani yake ikafunguliwa orodha ya historia ya Afrika.

Kompyuta zilizotumia mfumo wa Unix zilihitaji karani wao. Mwezi wa Oktoba 1992 Brent Chapman aliwasomea wasimamizi wenzake, katika mkutano wao wa Long Beach, California, insha juu ya programu yake ya Majordomo. Kichwa cha insha hiyo kilieleza yote: jinsi anavyosimamia orodha 17 bila ya kujibu barua za maombi. Jina la programu latokana na Kilatini, nalo lilikuwa cheo cha msimamizi mkuu wa nyumba ya bwana. Hata katika majina twaona kwamba watunzi walijua wanatunga mtumishi.

Katikati ya miaka ya 1990 John Viega wa Chuo Kikuu cha Virginia alianza programu ya Mailman, na baadaye Barry Warsaw akawa kiongozi wa kazi hiyo. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka wa 1999. Mailman ilileta kurasa za intaneti ambamo mwanachama na msimamizi waliweza kubadili mambo bila ya kukariri amri. Ilikuwa pia programu huria, isiyolipiwa, na kwa hiyo ilienea katika vyuo na vyama vingi visivyo na fedha.

IV. Maradhi matatu

Sasa twaingia katika kazi yenyewe ya msimamizi. Atakayesoma mashauri ya wasimamizi wa miaka hiyo ataona kwamba maradhi yalikuwa matatu hasa: mzunguko, barua irudiyo, na jibu lipotealo njia.

Mzunguko hutokea hivi. Mwanachama huenda likizo, naye ameiachia kompyuta yake agizo la kumjibu kila amwandikiaye kwamba hayupo. Barua ya orodha hufika, kompyuta hujibu, jibu likienda kwa orodha, orodha hugawa jibu hilo kwa wanachama wote, na nakala moja humfikia mwenye likizo, na kompyuta yake hujibu tena. Asubuhi watu huamka na mamia ya barua zenye maneno yale yale. Mzunguko mwingine hutokea orodha mbili zikiandikishana, kila moja ikiwa mwanachama wa mwenzake.

Dawa za mzunguko zote ni za namna moja: barua ipewe alama ya kuonyesha kwamba imepita kwa karani. Mailman huandika kichwani mwa barua mstari wa kusema kwamba imekwisha pita katika orodha fulani. Ikiiona tena yenye mstari huo, haiigawi. Programu za majibu ya likizo zilifundishwa kutojibu barua zenye alama ya orodha, na kutomjibu mtu mmoja mara kwa mara ndani ya muda mfupi. Kanuni za majibu ya mashine zilikusanywa katika hati moja ya mwaka wa 2004, na kanuni mojawapo ni kwamba jibu la mashine lipelekwe kwa anwani ya bahasha, wala si kwa ya kichwani. Laiti programu zote zingeitii kanuni hiyo, jibu la likizo lingemfikia mwenye orodha peke yake.

Wanadamu nao huweza kufanya mzunguko pasipo msaada wa mashine. Mwaka wa 1997 katika kampuni ya Microsoft mtumishi mmoja aligundua kwamba jina lake limo katika orodha ya watu wapatao 13,000 asiyoijua, akaiandikia orodha yote aondolewe. Wengine wakajibu wote kwamba nao waondolewe. Wengine wakajibu wote kuwaomba wenzao waache kujibu wote. Mfumo wa barua wa kampuni ukalemewa.

Ugonjwa wa pili ni barua irudiyo. Hapa msimamizi hana budi kuwa msomaji wa hati. Kila kompyuta inayoipokea barua hupiga muhuri wake juu ya mihuri iliyotangulia, kwa hiyo njia ya barua husomwa kutoka chini kwenda juu, kama mtu afuataye mlolongo wa wapokezi hadi kwa msemaji wa kwanza. Taarifa ya kurudishwa nayo hubeba tarakimu. Zikianza na 4, shida ni ya muda na yafaa kungoja. Zikianza na 5, shida ni ya kudumu, kama vile mtu asiyekuwapo. Msimamizi mgeni huifuta anwani kwa tarakimu ya 4, mzoefu husubiri.

Lakini tarakimu hazitoshi. Mara nyingi taarifa ilirudi ikilalamikia anwani isiyomo katika orodha kabisa. Sababu ni kwamba mwanachama alijiandikisha kwa anwani yake ya zamani, akahama chuo, na anwani ile ikawa inapeleka barua mbele hadi anwani mpya, nayo imekufa. Msimamizi ajua kwamba mtu fulani hapatikani, lakini hajui ni nani kati ya mamia.

Jawabu bora lilitoka kwa mwanahisabati D. J. Bernstein, mtunzi wa programu za qmail na ezmlm, katika miaka ya mwisho ya 1990. Yeye alishauri kwamba kila nakala ipelekwe katika bahasha yake, na anwani ya kurudishia iwe na jina la mwanachama aliyepelekewa ndani yake. Barua ikirudi, hapana haja ya kusoma maneno ya taarifa, wala kujua ilipita wapi. Anwani iliyorudi nayo yatosha kumtaja mwenyewe. Gharama yake ni kwamba nakala hukosa kusafiri pamoja, na mtandao hubeba mzigo zaidi. Tukikumbuka hesabu ya Thomas juu ya laini nyembamba za bahari, twaona kwamba jambo lisilowezekana mwaka wa 1986 liliwezekana baada ya miaka kumi kwa kuwa laini zimenenepa.

Mara mashine ilipoweza kumtambua mwenye anwani mbovu, iliweza pia kumwondoa. Mailman humhesabia mwanachama alama kwa barua zilizorudi, isiyozidi moja kwa siku. Alama zikifika 5, kwa kipimo cha kawaida, anwani husimamishwa. Kisha huonywa mara kadhaa, na mwishowe hufutwa. Msimamizi akapumzika. Msomaji na aukumbuke mpango huu, maana utarudi kwa sura nyingine.

Ugonjwa wa tatu ni jibu lipotealo njia. Barua ya orodha ikijibiwa, jibu liende kwa mwandishi au kwa orodha? Katika kichwa cha barua kuna mstari ambao mwandishi aweza kuutumia kueleza majibu yaende wapi, na wasimamizi wengi waliuandika mstari huo wao wenyewe ili majibu yaende kwa orodha. Chip Rosenthal aliandika insha mashuhuri ya kuipinga desturi hiyo. Alisema kwamba humwondolea mwandishi haki yake ya kuchagua pa kujibiwa, na kwamba neno la siri lililokusudiwa kwa mtu mmoja huangukia macho ya wote. Simon Hill alimjibu kwa kuitetea, kwamba orodha ni baraza, na mazungumzo ya baraza yafaa yabaki barazani. Wote wawili walikuwa na haki. Mzozo wao ulikuwa ni juu ya mipaka ya karani: aweza kuandika mangapi katika barua isiyokuwa yake?

V. Mwaka wa 2014

Itifaki ya mwaka wa 1982 haikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba anayejitaja kichwani ndiye aliyeandika. Matapeli na wauzaji wa barua taka waliitumia nafasi hiyo, na wakubwa wa barua-pepe wakajenga ulinzi kwa hatua tatu. Ya kwanza, SPF, iliyoandikiwa kanuni mwaka wa 2006, humwezesha mwenye kikoa kutangaza ni kompyuta zipi zimeruhusiwa kupeleka barua kwa jina lake. Hii hutazama bahasha. Ya pili, DKIM ya mwaka wa 2007, hutia sahihi ya kidijitali juu ya maneno ya barua na sehemu za kichwa chake. Herufi zikibadilishwa, sahihi huvunjika. Ya tatu, DMARC, iliyotangazwa mwaka wa 2012, huziunganisha hizo mbili na jina la kichwani, na humpa mwenye kikoa uwezo wa kuamuru barua zisizothibitika zikataliwe.

Sasa tuitazame orodha. Yeye hubadili bahasha, kwa desturi ile ya tangu sendmail. Kwa hiyo SPF huthibitisha jina la karani, wala si la mwandishi. Yeye huongeza jina la orodha katika habari ya barua, na mistari ya mkia inayoeleza jinsi ya kujitoa. Kwa hiyo sahihi ya DKIM huvunjika. Mambo yote mawili yalikuwa adabu njema ya karani kwa miaka mingi. Mbele ya DMARC yakawa dalili za mghushi.

Mwezi wa Aprili 2014 kampuni ya Yahoo, kwa nia ya kuzuia barua za kughushi, iliamuru kwamba barua zote zenye jina la kikoa chake zisizothibitika zikataliwe; AOL ikafuata mwezi huo huo. Mwanachama mwenye anwani ya Yahoo alipoiandikia orodha, barua yake ilikataliwa na Gmail na na wengine walioitii amri ile. Taarifa za kukataliwa zikamrudia karani, kama ilivyo kanuni ya bahasha. Na karani, kama alivyofundishwa, akawahesabia alama wale waliopelekewa. Basi waliofutwa katika orodha hawakuwa watu wa Yahoo. Walikuwa ni wasomaji wa mahali pengine, ambao hawakuandika lolote wala anwani zao hazikuwa na kasoro. Msimamizi aliyetazama tarakimu peke yake aliona 5, akaamini kwamba watu wale wamekufa.

Ilibidi karani achague. Aliweza kuacha kugusa barua hata kwa herufi moja, ili sahihi isivunjike, lakini basi wanachama wangekosa maelezo ya mkia waliyoyazoea. Aliweza kuikunja barua nzima ndani ya barua yake mwenyewe, lakini programu nyingi za kusomea ziliionyesha vibaya. Au aliweza kuandika jina lake kichwani, yaani barua isitoke tena kwa Fulani bali kwa "Fulani kupitia orodha", na anwani iwe ya orodha. Toleo la 2.1.18 la Mailman, la mwezi wa Mei 2014, lilimwezesha msimamizi kufanya hivyo kwa barua za vikoa vyenye amri hiyo tu. Wengi walichagua njia hii ya tatu, kwa sababu ilifanya kazi siku ile ile.

Gharama yake haikuwa ndogo. Mgawanyo wa zamani, kwamba kichwa ni cha mwandishi na bahasha ni ya karani, ulivunjwa. Mwandishi alinyang'anywa anwani yake juu ya maneno yake mwenyewe, na aliyetaka kumjibu faraghani aliweza kujikuta anaijibu orodha nzima. Ndio ule ugonjwa wa tatu, uliorudi kwa mlango mwingine. Mwaka wa 2019 ilitolewa kanuni ya majaribio iitwayo ARC, ambayo humwezesha karani kutia ushahidi wake kwamba barua ilikuwa na sahihi njema ilipomfikia. Lakini anayepokea ndiye aamuaye ni makarani gani awaamini. Mwezi wa Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti zaidi. Kwa Google, anayepeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa anwani za Gmail alitakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC zote tatu, na barua za matangazo na za kujiandikisha ziwe na njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja tu.

VI. Mkono wa mnakili

Yote haya yamhusu vipi mwanahistoria? Kwanza, kumbukumbu za orodha hazikuhifadhi bahasha, na kurasa zake za kusomea huonyesha sehemu ndogo tu ya kichwa cha barua. Mwenye kutaka kuhakiki aombe faili la asili la barua, ambalo hubeba mihuri ya njiani, wala asitosheke na kurasa. Katika kurasa hizo hata anwani huweza kuandikwa kwa namna nyingine, alama ya @ ikigeuzwa neno la Kiingereza ili kuwakwepa wakusanya anwani.

Pili, katika barua za baada ya Aprili 2014, anwani ya orodha mahali pa anwani ya mtu si dalili kwamba mtu huyo alijificha. Ni mkono wa mashine, na zaidi ya hayo hautokei kwa barua zote, kwa kuwa wategemea amri ya kikoa cha mwandishi. Mchunguzi atakayehesabu waandishi kwa anwani zao bila ya kulijua hili atawaona watu wengi wamekuwa mtu mmoja.

Tatu, kimya katika kumbukumbu hakina maana moja. Mtu aliyekuwa akiandika kila wiki kisha akanyamaza huenda alichoka, huenda alikasirika, na huenda alifutwa kwa alama tano zisizokuwa kosa lake.

Nne, kumbukumbu zenyewe zaweza kufa. Yahoo Groups, ambako vyama vingi viliweka orodha zao, ilifungwa tarehe 15 Desemba 2020, na barua za miaka mingi zilikwisha kuondolewa kabla ya hapo. Zimebaki zile zilizookolewa na waliojali. Jambo hili latuhusu hata sisi wa Afrika ya Mashariki. Mazungumzo ya sera za mawasiliano nchini Kenya, mathalan, yamepita kwa sehemu kubwa katika orodha ya KICTANet, chombo kilichoanzishwa mwaka wa 2004. Atakayeandika siku moja historia ya sera hizo atahitaji barua hizo kama tunavyohitaji leo barua za maliwali na wamisionari. Yafaa vyuo vyetu vichukue nakala za orodha za namna hii kwa idhini ya wenyewe, kabla ya seva kuzimwa.

Wanaoshughulika na miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu wamezoea kumtafuta mnakili: alipoongeza ubeti, alipobadili neno asilolijua, alipotia jina lake mwishoni. Hawamlaumu, maana pasipo yeye utenzi usingetufikia. Wamwuliza tu alifanya nini na kwa sababu gani. Karani wa orodha za barua astahili uchunguzi wa namna hiyo hiyo. Sababu za matendo yake zimeandikwa katika hati za kanuni na katika programu zenyewe, ambazo nyingi zi wazi kwa kila mtu kuzisoma. Na kazi ya kuzisoma pamoja na barua ni kazi yetu kama ilivyo ya mafundi.